Mjomba, Hapa Sirushi

Aliyekuwa analipa ni mjomba wa bwana harusi, na kwa Wamakonde mjomba akishasema, hata baba mzazi anasubiri zamu yake. Korosho zilikuwa zimemlipa mwaka ule, 2023. Alitaka matarumbeta tangu asubuhi, na picha ya angani ya msafara ukiingia kwake. Bati jipya la nyumba lionekane lote. Hilo la bati alilirudia kwenye simu mpaka nikacheka.

Kwa simu alisema ni Mtwara hapahapa. Bajaji ilipotushusha, mimi na kijana wangu wa kamera, tukajikuta upande wa uwanja wa ndege, chini kabisa ya njia ambayo ndege hushukia. Sanduku la droni nikaliacha limefungwa. Vibali nilivyokuwa navyo havikuhusu eneo lile, na hata vingehusu nisingerusha.

"Shikamoo mjomba. Hapa sirushi."

"Marahaba. Hurushi nini?"

Nikamweleza. Alinisikiliza vizuri, kisha akanijibu kwa hoja ambazo hazikuwa za kipuuzi hata kidogo. Ndege anaijua, haiji mara nyingi. Hataki droni ipande juu sana, anataka ipite minazi tu. Na kunguru je? Kunguru wanazurura pale kila siku, mbona ndege hazianguki?

Hiyo ya kunguru kila mteja huniuliza. Kunguru ni nyama na mifupa myepesi. Droni yangu ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo moja, ndani ina mota nne za chuma na betri nzito. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dayton, Marekani, walifyatua droni ya karibu kilo moja kwenye bawa la ndege ndogo. Haikusambaratika nje. Ilipasua ukingo wa mbele wa bawa, ikazama mpaka ikaharibu mhimili mkuu. Jeli yenye uzito kama huo, waliyoifyatua badala ya ndege wa porini, ilibomoa zaidi kwa nje lakini haikuzama vile. Watengenezaji wa droni walilalamika kwamba mwendo wa jaribio, zaidi ya kilomita 380 kwa saa, ulikuwa mkubwa mno, na sidhani walikosea kabisa. Ndege inayokuja kutua haikimbii hivyo. Mwendo ukipungua kwa nusu, nguvu ya kugonga hubaki robo. Lakini robo ya balaa lile nayo siitaki kwenye jina langu.

Hayo yote huwezi kuyasema matarumbeta yakipigwa. Nikamsimulia kisa cha New York, maana mjomba ni mtu wa visa. Septemba 2017 bwana mmoja alirusha droni yake jioni, ikaenda mbali mpaka hakuiona tena kwa macho, anaangalia skrini tu. Ikagongana na helikopta ya jeshi. Helikopta ilitua salama, panga lake moja limeumia. Mwenye droni alikuwa kwake akidhani imeanguka majini. Wachunguzi walikuta mota ya droni imenasa kwenye helikopta, ina namba, wakaifuata namba ile mpaka kwa mnunuzi.

"Kwa hiyo hakufa mtu," akasema mjomba.

"Hakufa."

"Basi."

Shangazi mmoja aliyekuwa anapita na sinia la pilau akacheka kwa sauti. Kwa kweli hapo nilikuwa nimeshindwa. Tukaafikiana kusubiri ndege ya saa kumi ishuke kwanza, ndipo tuzungumze upya. Yeye ndiye aliyeita yale maafikiano.

Saa kumi ikapita. Saa kumi na moja ikapita. Ndege haikuja.

"Iko wapi ndege yako, kijana?"

Kila aliyekuwa jirani alicheka, na kijana wangu wa kamera akawa miongoni mwao. Nikasema ndege iliyochelewa ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa hujui itatokea saa ngapi, na zipo za kukodi ambazo hazimo kwenye ratiba ya abiria. Nilisema kweli tupu, na nilionekana mtu anayetafuta pa kujifichia.

Msafara ulipokaribia, tulipanda juu ya Fuso ya jirani, kijana ameshika kamera, mimi nimemshika mkanda. Video ilitoka vizuri kuliko nilivyotegemea, nyuso zinaonekana, bibi harusi anacheka. Bati lilionekana nusu.

Ndege haikuja siku ile kabisa. Kesho yake nilisikia safari iliahirishwa. Mjomba naye alisikia, na alinikata sehemu ya malipo bila kununa, kama mtu anayetoza faini halali. Sikubishana.

Januari 2025 droni ilipotoboa bawa la ndege ya kuzima moto kule Los Angeles, ndege ikalazimika kukaa chini wakati moto bado unawaka, nilimtumia picha ya lile tundu kwa WhatsApp. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti, mrefu, kuku wakisikika nyuma. Tundu hakuligusa. Alisema anaoza binti, safari hii ni Mikindani, nije na droni, huko hakuna cha kisingizio. Nilifungua ramani, nikapima umbali toka kwenye uwanja, kisha nikamuuliza anataka kulipa kiasi gani.