Mvua Inyeshayo Asipokuwapo Mtu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo la wiki hii ni Ayubu 38:25-27.

Ayubu amelalamika sura baada ya sura, na ana haki ya kulalamika: amezika watoto, amepoteza mali, ngozi yake inaoza, na rafiki zake wamekuja kumwongezea mzigo. Hatimaye Mungu anamjibu kutoka katika upepo wa kisulisuli, lakini hamwelezi kwa nini aliteseka. Anamuuliza maswali. Mojawapo ni hili: ni nani aliyeyapasulia mafuriko mfereji, mvua ikanyesha katika nchi isiyo na watu, katika nyika asimo mwanadamu, majani yakachipuka huko? Wengi hukipita mbio kifungu hiki wakikimbilia sura ya 42, Ayubu anaporudishiwa mali yake. Naomba leo tusimame hapa.

Upande wa kusini wa Australia, ndani kabisa, kuna Kati Thanda, ambalo ramani nyingi huliita Ziwa Eyre. Kuliita ziwa ni kulisifu mno. Miaka mingi ni uwanda mweupe wa chumvi, kilomita za mraba 9,500 hivi, na sehemu yake ya chini kabisa iko karibu mita 15 chini ya usawa wa bahari. Hakuna mahali pa chini kuliko hapo katika nchi ile yote. Kaskazini yake limelala Jangwa la Simpson, matuta ya mchanga mwekundu yaliyojipanga sambamba, mengine yakienda zaidi ya kilomita 100 bila kukatika. Mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 150, na jua la huko laweza kukausha maji ya kina cha mita 2 na zaidi kwa mwaka. Mwenye kupiga hesabu atasema ziwa hapa haliwezekani.

Hesabu yake ni sahihi. Ila mvua inayolijaza ziwa hili hainyeshi pale. Hunyesha mbali kaskazini-mashariki, katika jimbo la Queensland, mwaka ambao mvua za huko zimekuwa kubwa. Maji huingia katika mito ya Diamantina, Georgina na Cooper Creek, na hakuna hata mmoja kati yake unaoelekea baharini. Karibu sehemu 1 ya 6 ya Australia yote humwaga maji yake kuelekea shimo hili la ndani. Nchi ni tambarare mno, hata mto hugawanyika kuwa vijito vingi visivyohesabika, ukatuama, ukajaa, ukatambaa tena. Maji mengi hunywewa na udongo au hukaushwa na jua njiani, na miaka mingi hayafiki kabisa. Yakifika, yamesafiri kilomita 1,000 hivi kwa wiki nyingi, pengine miezi, na mara nyingi huingia ziwani chini ya mbingu isiyo na wingu hata moja. Ukingo wa maji hujisogeza juu ya chumvi polepole, umebeba povu na vijiti.

Wanaokumbuka 2 Wafalme 3 wataitambua hali hii. Elisha aliwaambia wafalme watatu kwamba hawataona upepo wala mvua, lakini bonde litajaa maji. Tofauti ni kwamba bonde lile lilikuwa na jeshi lenye kiu likisubiri. Huku Kati Thanda hakuna jeshi. Mwaka 1974 ziwa lilijaa kuliko wakati wowote uliorekodiwa, kina kikafika mita 6 hivi, na hapakuwa na shamba hata moja ukingoni la kumwagiliwa.

Walionufaika ni wengine. Ndani ya ganda la chumvi hulala mayai ya uduvi, makavu, miaka na miaka. Maji yakiyafikia, huanguliwa. Samaki huletwa na mito. Kisha hushuka ndege, wengine wakiwa wameruka mamia ya kilomita: mwari kwa maelfu, wakajenga viota kwenye visiwa vilivyokuwa vilima juzijuzi. Baada ya hapo maji huanza kupungua tena, na chumvi hurudi.

Sisi tungeita huo upotevu. Maombi yetu ya mvua karibu yote yana mwenye shamba ndani yake. Hata shukrani zetu huanza na kile kilichotufikia. Nchi ile imekwisha kuwakatalia watu wenye mipango mizuri tu. Mwaka 1844 mvumbuzi Charles Sturt aliondoka Adelaide, mji wa pwani ya kusini, na mashua juu ya gari la kukokotwa, akiamini kuna bahari katikati ya nchi. Ukame ukamfungia mahali pamoja kwa miezi karibu 6. Mwaka 1963 Mwingereza Donald Campbell alikuja Kati Thanda na gari lake la kasi akitaka chumvi kavu ya kuvunjia rekodi ya mwendo, mvua ikaja. (Rekodi aliipata mwaka uliofuata, 1964.) Mwenye mashua alikuta ukame, mwenye gari akakuta maji. Nakiri kwamba jambo hili linanichekesha.

Lakini tusiseme ovyo kwamba nchi ile haina watu. Kati Thanda ni nchi ya Waarabana, mojawapo ya makabila ya wenyeji wa asili wa Australia, na ndani ya Simpson wenyeji wengine, Wawangkangurru, waliishi vizazi vingi kwa visima vyao, waviitavyo mikiri. Walioiita tupu ni wageni. Anayesema na Ayubu ndiye aliyejua visima vyote vilipo.

Liko jambo gumu zaidi. Maji yanapopungua na chumvi kukolea, samaki hufa kwa makundi na kulala mistari mistari ufukweni. Chakula kikiisha, mwari wakubwa huruka kwenda zao, na makinda ambayo hayajaweza kuruka huachwa. Tafakari inayoishia kwenye ndege wakishuka majini ingekuwa nzuri, ila isingekuwa kweli. Na Mungu mwenyewe hakumficha Ayubu. Katika sura ile ile anamtajia makinda ya kunguru wanaomlilia Mungu kwa njaa, na katika 39 anamtaja mbuni anayeyaacha mayai yake mchangani. Haombi radhi, wala hatoi maelezo. Anaonyesha tu kwamba kilio kile anakisikia yeye, mahali ambapo hakuna sikio jingine.

Mwenye Zaburi ya 102 alijifananisha na mwari wa jangwani siku ya dhiki yake, na wapo miongoni mwetu wanaoisoma zaburi hiyo wiki hii kwa machozi: anayemuuguza mgonjwa usiku pasipo wa kumpokea, anayeomba miaka bila kuona wingu. Sina jibu la kuwapa ambalo Ayubu hakupewa. Naomba tuwatafute, tukeshe nao.

Kwa wiki hii, someni Ayubu 38 na 39 kwa mkupuo mmoja, kwa sauti ikiwezekana. Angalieni wanyama wanaotajwa: simba, kunguru, mbuzi wa majabalini, punda-mwitu, nyati, mbuni, farasi, mwewe, tai. Farasi peke yake ndiye aliyezoea kumtumikia mtu, na hata huyo, Ayubu anaulizwa kama ndiye aliyempa nguvu zake.