Krismasi ya Mvua Nyumbani Tabata

Mwaka huu hatukwenda Marangu. Tangu niolewe, juma la mwisho kabla ya Krismasi limekuwa la kufungasha mabegi, kununua mchele na sukari ya kupeleka nyumbani, na kutafuta nafasi katika mabasi ya Kilimanjaro ambayo mwezi Desemba hujaa mapema kuliko wakati mwingine wowote. Safari hii mama mkwe ndiye aliyeshuka kwetu kwa ajili ya matibabu ya goti, na kwa kuwa daktari alimtaka aendelee kuhudhuria kliniki hadi Januari, mume wangu aliamua kwamba sikukuu tungeila hapa hapa Dar es Salaam.

Sikuwa nimewahi kuiona Tabata katika siku hizo. Majirani wengi wenye asili ya Kilimanjaro na Arusha walikuwa wameshaondoka, mageti yalikuwa na makufuli, na Barabara ya Mandela, ambayo kwa kawaida hutumaliza kwa foleni, ilipitika bila shida. Kisha mvua ikaanza usiku wa tarehe 23, ikanyesha kwa vipindi mpaka baada ya Krismasi, nasi tukabaki ndani.

Mvua ya wakati huo si jambo la ajabu kwa ukanda wetu wa pwani. Vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba, wakati ukanda mvua unapolifuata jua kuelekea kusini, na miaka mingine huchelewa kukoma hata ikaingia katika sikukuu. Hata hivyo, kwa sisi tunaoishi karibu na bonde la Msimbazi, mvua ya Desemba haiwezi kuwa furaha tupu. Mafuriko ya Desemba 2011 yalitokea siku chache tu kabla ya Krismasi, yakaua watu kadhaa, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Kila radi ilipopiga usiku, mume wangu alikuwa akiamka kumpigia simu ndugu yake anayeishi upande wa chini, na hakurudi kulala mpaka apate jibu. Safari hii, namshukuru Mungu, maji hayakuingia ndani kwake.

Watoto walikuwa wamepamba mti mapema. Kwetu mti wa Krismasi ni tawi la mvinje lililosimamishwa katika ndoo ya mchanga, na juu yake wanangu walikuwa wamebandika vipande vya pamba, kama nilivyokuwa nikifanya mimi nilipokuwa na umri wao. Mdogo, ambaye ana tabia ya kuuliza mpaka apate, akataka kujua kwa nini tunaweka theluji kwenye mti ilhali nje kuna joto na mvua, na kama kuna mtu humu ndani aliyewahi kuiona theluji yenyewe. Bibi yake akajibu kwamba yeye ameiona tangu alipozaliwa.

Nadhani hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo mazuri kuliko yote ya sikukuu hii. Mama aliwaeleza kwamba theluji haishuki vijijini, hukaa juu kabisa, Kibo, na kwamba mtu wa Marangu anayetaka kuiona lazima aamke alfajiri kabla wingu halijapanda na kuufunika mlima. Alisema pia kwamba utotoni mwake ule weupe ulikuwa mpana zaidi kuliko sasa. Hilo wataalamu wamelithibitisha kwa vipimo: zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo juu ya Kilimanjaro mwaka 1912 imekwisha kutoweka. Wanangu walilipokea jambo hilo kwa huzuni ya kweli, na mkubwa akauliza kama itabaki mpaka yeye atakapokuwa mtu mzima. Sikutaka kumdanganya, nikamwambia kwamba huenda isibaki.

Baba yao, ambaye ni mwalimu na hawezi kuacha swali la hesabu lipite, alichukua daftari akawaonyesha inakuwaje nchi iliyo karibu na Ikweta ikawa na theluji. Kadiri mtu anavyopanda, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000; kilele cha Uhuru kina mita 5,895; basi ikiwa hapa Dar es Salaam ni nyuzi 31, kule juu inapaswa kuwa chini ya sifuri. Watoto wakapiga hesabu wenyewe, wakapata nyuzi 4 chini ya sifuri, na kwa muda mrefu wakabishana nani angestahimili kulala huko bila blanketi. Waliuliza pia kuhusu Bethlehemu, wakafurahi kusikia kwamba ni mji wa vilimani ambako theluji huanguka mara mojamoja.

Jikoni tuligawana kazi. Mimi nilipika pilau kwenye jiko la mkaa, kwa sababu siamini kwamba gesi inaweza kupalia pilau ipasavyo; bila makaa juu ya sufuria, ule wali wa juu hauivi sawa na wa chini. Mama alishika mtori. Aliagiza ndizi mshare kutoka soko la Mabibo, akaketi kwenye kigoda na beseni la maji magotini, akawa anamenya kila ndizi ikiwa ndani ya maji ili isiwe nyeusi na utomvu usimgande mikononi. Mifupa ya ng'ombe ilichemka tangu asubuhi. Ndizi zilipoiva akaziponda kwa mwiko, polepole, akiongeza supu kidogo kidogo, na nilipotaka kumpokea kwa sababu ya goti lake akaniambia, "Mwanangu, anayeumwa ni mguu, si mkono." Mtori ule ulikuwa laini kuliko wowote niliowahi kuupika, nami sasa najua kwamba nilikuwa nikimimina supu nyingi kwa mara moja.

Sahani za kwanza zilikwenda kwa majirani. Nyumba ya upande wa kulia wanatuletea pilau na biriani kila Idi, na Krismasi ni zamu yetu. Mvua ilikuwa kubwa, hivyo mkubwa alizipeleka chini ya mwavuli, huku mdogo akimfuata na bakuli la mtori lililofunikwa kwa kawa. Alasiri mama wa nyumba ile alikuja mwenyewe kumjulia hali mama mkwe. Wazee wale wawili, mmoja wa Marangu na mwingine wa Rufiji, walizungumza mpaka Magharibi kuhusu magoti, kuhusu wajukuu, na kuhusu jinsi mito ya kwao inavyofurika; na umeme ulipokatika hawakujali, tukawawashia taa ya chemli wakaendelea.

Nimemwambia mume wangu kwamba ningependa tufanye hivi tena, tumlete mama hata kama goti litakuwa limepona. Bado hajakubali. Anasema kaburi la baba yake liko kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, na Desemba ndiyo wakati ukoo wote unapokutana hapo. Hoja hiyo naiheshimu, kwa kuwa wanangu nao wanapaswa kulijua kaburi hilo. Mama mwenyewe amependekeza kwamba Krismasi tupande sisi, naye ashuke kila Pasaka, mradi tusimlazimishe kulala chumba chenye feni.