Taa iangalie chini

Mimi ni fundi umeme wa Mikindani, Mtwara. Msimu wa korosho ukiisha na watu wakalipwa fedha za mnada, kazi ninayoitiwa zaidi ni kufunga taa za nje. Mtu anamalizia ukuta, na ukuta ukishasimama anataka taa. Karibu kila mara ananunua ile ya fladi, nyeupe kali, wati 50 au 100, na anataka ifungwe juu kabisa kwenye kona ya nyumba, uso wake ukitazama mbele. Kwenye boksi imeandikwa kelvini 6500, namba inayoonyesha rangi ya mwanga. Naipenda kazi yangu na naipenda mbingu ya huku kwetu, na miaka yote niliyoshika bisibisi sijaona kwa nini moja lazima iharibu nyingine.

Kusini bado tuna mbingu. Mgeni akitoka Dar es Salaam akakaa ufukweni usiku usio na mwezi, huwa ananyamaza kwanza. Mwezi wa saba, saa nne usiku, kundi la nyota la Nge linakuwa juu karibu na utosi, na Njia ya Maziwa, ule mkanda mweupe wa nyota, inakatiza kutoka kusini magharibi hadi inazama baharini upande wa kaskazini mashariki. Mwezi wa kumi na mbili, ukitazama upande wa Msumbiji, utaona viwingu viwili vyeupe visivyosogea na upepo. Si mawingu, ni makundi ya nyota yaliyo nje kabisa ya kundi letu. Mwanga wa kile kikubwa umesafiri kama miaka 160,000 mpaka kufika Mikindani, halafu unazimwa na taa ya geti.

Bibi yangu alikuwa na shamba upande wa Nanguruwe na alilima kwa Kilimia. Mwezi wa kumi na moja, giza likishaingia, kile kishada kidogo cha nyota kinaonekana mashariki, na yeye anajua mvua haiko mbali, mashimo yawe tayari. "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Alikuwa anaisema hivyo hivyo bila kutufafanulia, akidhani tunakiona kila siku kama yeye. Penye giza la kweli, macho mazima huhesabu nyota sita au saba mle ndani. Nikisimama jirani na kituo cha mafuta hapa barabarani naona doa la ukungu tu, na siku yenye unyevu mwingi sioni kitu.

Kinachotokea ni hiki. Mwanga wowote unaotoka kwenye taa ukaenda juu au pembeni hauna kazi hapa chini. Unagonga hewa yenyewe, vumbi, moshi na matone madogo ya maji yaliyo hewani, na pwani hewa yetu haikosi unyevu. Unatawanyika, unarudi kwetu kama utando mweupe, na nyota hafifu zinafunikwa. Mwanga wenye buluu nyingi ndani yake ndio unaotawanyika zaidi, kwa sababu ile ile inayofanya mbingu iwe ya buluu mchana. Taa ya kelvini 6500 ina buluu nyingi. Ya kelvini 2700, ile wanayoiita dukani taa ya njano, inayo kidogo.

Mwaka jana mzee mmoja mstaafu aliniita nyumbani kwake, si mbali na ufukwe wa Shangani, ambako anajenga vyumba vya wageni. Baada ya shikamoo akanionyesha kona ya paa. "Mwanangu, nataka taa ifike mpaka majini. Mwizi akipita nimwone." Nikamwambia, "Sawa mzee, ila usiku nitakuja tuijaribu kwanza." Usiku nikaiwasha kwa waya wa muda. Kijana wangu wa kazi nilikuwa nimemtuma akasimame chini ya mwembe, pembeni ya ukuta. Mzee akasimama getini, akatazama, akasema pako salama, hapana mtu. Nikapanda ngazi, nikakinga uso wa taa kwa kipande cha katoni ili mwanga ushuke chini tu. "Kumbe yule kasimama pale muda wote?"

Nimelifanya jaribio hilo na wateja wengine pia, na naomba ulifanye kwako leo usiku, hata kwa kiganja. Jicho likipigwa na mwanga mkali, mboni inasinyaa, na sehemu yote isiyofikiwa na taa inakuwa giza tororo. Kivuli cha mwembe ndicho anachokitaka mwizi, na fladi inamtengenezea kivuli kizuri. Kwa mzee tuliishia na balbu mbili za njano chini ya upenu, kila moja wati 10, juu yake kofia niliyoikata kwenye bati, na getini taa yenye sensa inayowaka mtu akisogea. Fladi ya wati 100 ikiwaka saa 12, na huku kwetu usiku ni wa saa 12 kweli, inakula uniti 1.2. Kwa mwezi ni uniti 36. Kwenye nyumba inayobana matumizi isivuke uniti 75, hiyo ni karibu nusu, na imekwenda kumulika mawingu. Balbu zile mbili zinakula uniti 7 na kidogo.

Kuna wasioweza kuniita. Nikienda Msimbati kwa kazi, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, nafikiria kasa. Kasa wa kijani anataga mayai yake mchangani, mara nyingi yanapita mia kwenye kiota kimoja, na baada ya kama miezi miwili vitoto vinatoka usiku. Havina mama wa kuviongoza. Vinafuata upande wa chini ulio na mwanga zaidi, na tangu dunia iwe dunia upande huo ni bahari, maana maji yanarudisha mwanga wa nyota na mwezi, wakati nchi kavu ina giza la miti. Funga taa nyeupe kwenye veranda inayotazama ufukwe, na vitoto vinageuka, vinapanda kuelekea kwenye hiyo nyumba badala ya bahari. Kaa wanavila, au jua linavikausha asubuhi. Hata jike mzima hukwepa kupanda kutaga penye mwanga. Hapo mimi sina lugha laini: taa ya namna hiyo kwenye fukwe ya kasa isifungwe, na mteja akining'ang'aniza naondoka na vifaa vyangu.

Najua la kunijibu. Vijiji vingi vyetu vimepata umeme juzi tu, na mama aliyesoma kwa koroboi hataki kusikia habari za giza. Simwambii arudi kwenye koroboi. Msichana anayetoka sokoni usiku anahitaji kuona njia, mashimo na sura ya anayekuja mbele yake, na taa inayomulika ardhini inamwonyesha vyote hivyo bila kumtia upofu. Wavuvi wa dagaa nao wasiguswe kwenye mjadala huu. Taa zao zina kazi, wanazizima wakimaliza, na mbalamwezi ikiwaka wengi wanapumzika.

Kwingine wamechelewa. Ramani ya dunia iliyochapishwa na watafiti mwaka 2016 ilionyesha kwamba mtu mmoja kati ya kila watatu haioni tena Njia ya Maziwa kutoka anapoishi. Lakini upo mji wa Flagstaff, Arizona, Marekani, uliopitisha sheria ya kwanza mwaka 1958 kuzuia taa za matangazo zilizokuwa zikifagia anga, kwa sababu wana kituo cha kutazama nyota, kile kilichogundua Pluto mwaka 1930. Wana maduka, hospitali na barabara zenye taa, na mwaka 2001 wakawa mji wa kwanza duniani kupewa hadhi ya mji wa anga la giza. Namibia nao wanayo hifadhi ya NamibRand, iliyotambuliwa mwaka 2012 kwa ajili ya usiku wake. Sisi hatuna cha kurudisha, tuna cha kutunza tu, na bei yake ni kipande cha bati.

Kwa hiyo unayejenga, kabla hujanunua taa soma boksi, tafuta kelvini 2700, au zisizidi 3000. Fundi akija mwambie aifunge chini ya upenu, na akishamaliza simama barabarani: ukiuona uso wa balbu, hajamaliza. Na ninyi wa serikali za mitaa, nguzo mpya zikiletwa, ulizeni kichwa cha taa kimelala au kimeinuka kabla hazijasimikwa, maana zikishasimama zitakaa miaka.

Nina mabaki ya bati kazini. Aliye Mikindani au Shangani na ana taa inayomulika juu anitafute jioni yoyote. Kukata kofia na kuifunga ni kazi ya nusu saa, na hiyo sitozi.