Jumamosi Bagamoyo: samaki wa mnadani, karai la ufukweni

Mnaotoka Dar kesho, magari ya Bagamoyo yanapakia stendi ya Makumbusho. Wahini. Soko la samaki liko ufukweni, Mji Mkongwe, na mnada huchangamka vyombo vinapoingia. Ukifika jua limeshakolea, utauziwa kilicholala kwenye barafu.

Mara nyingi bei hutajwa kwa fungu, si kwa kilo. Mkiwa wawili watatu msishindane na wachuuzi mnadani. Tafuteni fungu dogo la vibua au changu pembeni. Funua mashavu: yawe mekundu, si ya kahawia. Jicho liwe limetuna, na nyama ukiibonyeza irudi. Wazuri hupangwa juu, kwa hiyo geuza na wa chini, wala si utovu wa adabu.

Kuparua na kupasua hulipiwa kando, kisha unapeleka kwa wakaangaji hapohapo. Patana bei kabla samaki hajagusa mafuta. Baada ya hapo huna nguvu ya kubishana. Samaki mnene achanjwe mbavuni mpaka karibu na mfupa, chumvi na ndimu ziingie. Asipochanjwa hukauka nje, ndani mbichi. Mafuta yasipochemka vizuri, ananata kwenye karai na kuyanywa yote. Ngisi dakika mbili tatu tu, zaidi ya hapo mnatafuna mpira.

Bebeni chenji.

Mkishiba, bodaboda hadi Kaole, kilomita kama 5 kusini: magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo. Kuna kiingilio.