Theluji ya paa letu ilikuwa haikai

Majira yetu ya kwanza ya baridi katika nyumba hii, jirani mmoja mzee aliniita nje asubuhi na mapema. Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha. Hakuniambia neno, alinyoosha mkono tu. Paa lake lilikuwa jeupe pe. Letu lilikuwa na mabaka meusi, vigae viko wazi, na ukingoni imening'inia mirija ya barafu mirefu kama mkono wangu. Watoto walikuwa wameipenda ile barafu, wakipiga nayo picha. Mzee akasema, "Hilo ni joto lenu, linatokea juu."

Mpaka siku ile nilikuwa nalaumu hita. Kila jioni tuliiongeza, na kila usiku watoto wa chumba cha juu walilala na sweta na soksi mbili. Fundi aliikagua akakuta ni nzima. Sisi tuliokulia kwenye jua tunalijua paa kwa mvua, hatukuzoea kuiwazia dari kama kitu cha kushika joto. Ndiyo maana naandika haya, kwa sababu najua ndugu wengi wanaoteseka kila baridi wakidhani ndivyo maisha ya huku yalivyo. Sivyo.

Hewa yenye joto ni nyepesi, hupanda. Ikipata upenyo kwenye dari inatoka, na ikitoka, hewa baridi inaingia chini kuchukua nafasi yake, kupitia chini ya milango na kwenye fremu za madirisha. Ule ubaridi unaokuuma miguuni ukiwa umekaa sebuleni huenda umeanzia kwenye tundu lililo juu ya kichwa chako. Nilihangaika mwezi mzima kuziba milango kwa matambara, wakati mvuto wenyewe ulikuwa unatoka juu.

Kwa hiyo kabla ya kununua pamba ya kioo, ile inayotandikwa darini kuzuia joto, hata mita moja, ziba matundu kwanza. Pamba hupunguza kasi ya joto kupita, lakini hewa inayosukumwa hupenya katikati yake. Mimi nilianza kwa kutandika, ikanibidi nifunue kila kitu nirudi mwanzo. Kuyapata matundu si kazi. Siku ya baridi kali niliwasha kijiti cha udi, nikakishika chini ya kifuniko cha kupandia darini. Moshi ulipanda wima, ukafika karibu na ufa, ukajipinda na kuzama ndani yake kama uzi unaovutwa kwenye tundu la sindano. Nilisimama pale nikiutazama mpaka kijiti kikaisha.

Kule juu, dalili zilikuwa nyingi zaidi. Pamba ya zamani ilikuwa imegeuka nyeusi sehemu kadhaa, nikadhani ni ukungu. Kumbe ni vumbi la nyumba lililochujwa na pamba kwa miaka, kila mahali hewa ilipokuwa ikipita. Kila baka jeusi, ukilifunua, chini yake utakuta kosa: waya wa taa umetobolewa tundu kubwa kuliko wenyewe, bomba la choo limepita na kuachiwa mwanya, ukuta wa ndani una uwazi juu yake. Nyufa ndogo tuliziba kwa silikoni, kubwa kwa povu la kupuliza. Kuzunguka bomba la moshi usiweke povu hata kidogo, hapo ni bati na dawa ya kuziba inayostahimili moto. Na taa za zamani zilizozama kwenye dari usizifunike mpaka fundi umeme athibitishe kwamba ni za aina inayoruhusiwa kufunikwa.

Ndipo tukatandika. Tabaka la kwanza kati ya boriti, la pili likakatiza juu ya boriti, kwa sababu mbao nazo hupitisha joto. Usiibane pamba ili itoshe. Inayofanya kazi ni hewa iliyonaswa ndani yake, ukiishindilia umeiua. Uingereza unene unaopendekezwa kwa pamba ya aina hii ni milimita 270. Kwenye maeneo ya baridi zaidi ya Marekani hupendekezwa hadi R-60 (R ni kipimo cha uwezo wa kuzuia joto lisipite), ambayo kwa pamba ya kioo ni unene wa karibu nusu mita.

Naomba usiruke jambo la unyevu. Pembeni, paa linapokutana na ukuta, acha njia ya hewa ya nje. Darini panatakiwa pawe baridi na pakavu. Feni ya bafuni itoe mvuke nje kabisa, si humo darini. Yetu ilikuwa imeishia katikati ya boriti, na misumari ya paa ilikuwa imeota barafu nyeupe kila ncha. Barafu ile ikiyeyuka hudondoka kwenye dari, na watu humwita fundi wa paa atafute mvujo usiokuwepo. Vilevile, ukishazuia joto lisipande, darini panakuwa baridi kuliko zamani, hivyo mabomba ya maji yaliyoko huko nayo yavishwe kinga ya baridi, la sivyo yataganda na kupasuka.

Kanyaga boriti tu. Vaa barakoa, glavu na mikono mirefu. Nyumba ikiwa ya zamani na ukakuta punje nyepesi zinazometa zimemwagwa kule juu, shuka bila kuzigusa, zipimwe kwanza, kwa sababu baadhi zina asbesto.

Mpangaji huwezi kugusa dari ya mwenye nyumba, lakini mpigie picha paa siku ya theluji, umtumie pamoja na picha ya paa la jirani. Na kifuniko cha darini unaweza kukibandika ukanda wa sponji kuzunguka kingo zake, ni kazi ya nusu saa.

Mwaka huu theluji ya kwanza ilipoanguka nilitoka kabla sijanywa chai. Paa letu lilikuwa jeupe kama la mzee, isipokuwa duara moja jeusi, dogo kama sinia, juu ya bafu. Jumamosi napanda tena na kijiti cha udi.