Ernst May, mjamaa aliyechora mipaka ya rangi Kampala

Panda Kololo, tazama ng'ambo ya bonde: kile kilima ni Naguru. Mpango wa kupanua Kampala uliochapishwa 1947 uliwaweka Wazungu na Wahindi Kololo, Waafrika Naguru. Aliyeuchora ni Ernst May, msanifu majengo Mjerumani, na hapo ndipo kichwa kinauma, maana huyu alijulikana kwa nyumba za wafanyakazi.

Kati ya 1925 na 1930 alisimamia ujenzi wa jiji la Frankfurt, Ujerumani, zikasimama nyumba zaidi ya 10,000. Jiko lililobuniwa 1926 na Margarete Schütte-Lihotzky kwa ajili ya nyumba hizo lilikuwa mita 1.9 kwa 3.4, mpishi anageuka tu, kila kitu kipo mkononi. Baadhi ya kuta zilikuwa vipande vya zege vya kiwandani, mita 3 kwa 1.1, unene sentimita 20. Piga hesabu: mita za ujazo 0.66. Bila winchi hukiinui. Kwa hiyo njia hiyo hulipa pale tu panapojengwa mamia ya nyumba zinazofanana, na mlipaji awe mmoja mwenye mfuko mrefu.

Mlipaji huyo Frankfurt alikuwa manispaa. Mwaka 1930 May akaenda kupanga miji ya Wasovieti, akaondoka 1933. Kwao Hitler ameshashika nchi, basi 1934 akaja kulima Tanganyika. Alipoitwa kuchora Kampala, mlipaji alikuwa serikali ya kikoloni.

Mbinu hazikubadilika: vitongoji vinavyojitegemea kwa shule na maduka, vikitenganishwa na ukanda wa kijani. Lakini kando ya mto Nidda, Frankfurt, ukanda ule ulikuwa na bustani za mboga za wakazi wenyewe. Huku ukageuka uzio usio na waya. Wanaosema alilazimishwa wanamhurumia mno, naona. Mchoraji anajua mstari wake unamtenga nani.

Kazi yake nzuri zaidi hapa ni Jumba la Makumbusho la Uganda, barabara ya Kira, 1954. Ingia mchana ukaangalia juu ya kuta: mwanga unashukia huko, hewa inapita, taa hazihitajiki sana. Serikali ilipotaka kulibomoa ili ijenge ghorofa refu la biashara, wanaharakati walikwenda mahakamani, na jumba lipo hadi leo. Nyumba za serikali za Naguru na Nakawa hazikupata bahati hiyo. Wapangaji walifukuzwa 2011, tingatinga zikapita.