Kuanguka kutoka juu ya farasi: mengi huamuliwa kabla hujapanda

Mgongo wa farasi wa kawaida wa kupanda uko kama mita moja na nusu kutoka chini. Ukishakaa, kichwa chako kinapita mita mbili na robo. Kwa Dodoma ongeza udongo: ikifika Agosti, mvua imekatika miezi kadhaa, ardhi nyekundu ya huku ni ngumu kama sakafu ya saruji. Anayejifunza ataanguka siku moja, hilo halina mjadala. Lakini ataanguka akiwa kwenye mwendo gani, juu ya nini, na mguu wake ukiwa wapi, hayo yako mikononi mwake, na mengi huamuliwa wakati wa kutandika.

Tuanze na mkanda wa tumbo, kwa sababu ndio unaoangusha watu kizembe kuliko kitu kingine chochote. Farasi wengi hujaza pumzi na kukaza kifua wanapohisi mkanda unavutwa. Ukiubana mara moja na kupanda hapo hapo, baada ya dakika chache pumzi inatoka, mkanda unalegea, na tandiko linaanza kwenda upande. Mpandaji mpya hulalia upande huo huo ili ajishike, na hapo anakuwa amelimalizia. Kwa hiyo bana polepole, tundu moja moja, upande wa kushoto na wa kulia. Mtembeze farasi kidogo kwa mkono, kaza tena, kisha panda. Baada ya dakika tano hadi kumi za kutembea, kagua kwa mara nyingine. Kipimo ni vidole viwili vilivyolala bapa kati ya mkanda na ngozi, navyo vipimwe chini, katikati ya miguu ya mbele. Pembeni karibu na tandiko mkanda huonekana umekaza hata kama chini unapwaya.

Ukiwa hapo, kagua ngozi yenyewe. Ukavu wa huku hula ngozi taratibu. Ikunje ile mikanda midogo inayoshika mkanda wa tumbo, uitazame penye mkunjo: ukiona mipasuko midogo, au nyuzi za mshono zimeanza kuchomoza, tandiko hilo halipandwi siku hiyo. Farasi ni wachache katika nchi hii, ndorobo na maradhi mengine yamechangia sana, na tandiko nyingi unazokutana nazo zimeshapita mikono mingi. Umri wa tandiko si tatizo. Mshono uliooza ndio tatizo.

Kisha vikuku vya kuwekea miguu. Kuanguka peke yake mara nyingi huishia kwenye michubuko. Kuanguka mguu ukiwa umenasa, farasi akakimbia, ni jambo linaloua. Kikuku kinapaswa kuzidi upana wa kiatu kwa karibu sentimita moja kila upande. Kikibana, mguu hautoki, kikiwa kipana mno, mguu wote unapenya hadi kisiginoni. Weka humo sehemu pana ya unyayo tu, nyuma ya vidole, kisigino kikiwa chini kidogo. Kiatu kiwe na kisigino cha sentimita mbili hivi na soli isiyo na meno makubwa. Raba haina kisigino, inateleza moja kwa moja ndani. Kandambili na katambuga usizifikirie kabisa. Buti za mvua huwa pana na soli yake inakwama. Urefu wa ukanda wa kikuku hupimwa chini: gusa kwa ncha za vidole chuma ambacho ukanda huo unaning'inia, nyosha mkono, kisha vuta kikuku kuja kwako. Sehemu yake ya chini ifike kwapani. Na kama chuma hicho kina kilimi kidogo cha kukunja kwa nyuma, kiache wazi, ili mguu ukinasa ukanda mzima uchomoke.

Kofia iwe ya kupandia farasi, ikae sawasawa juu ya paji la uso, upana wa vidole viwili juu ya nyusi, na kamba ya kidevuni ifungwe. Kofia ya bodaboda si mbadala mzuri. Ni nzito kwa shingo, inaziba masikio, na nyingi za abiria kamba zake zilishaacha kukaza zamani.

Sasa kuhusu punda, maana kwa watu wengi wa Dodoma, Kondoa na Singida huyo ndiye mnyama wa kwanza waliyepanda, na mazoea ya punda yanaangusha watu kwenye farasi. Mtoto aliyekulia kwenye punda hukaa nyuma, juu ya nyonga, miguu ikining'inia. Kwa punda mkao huo una maana, kwa kuwa mabega yake ni membamba na ukikaa mbele unatelezea shingoni. Kwa farasi, uzito uliokaa kiunoni unamuumiza, naye hujibu kwa kurusha miguu ya nyuma. Kaa katikati ya tandiko, sehemu yake ya chini kabisa, ili sikio, bega, nyonga na kisigino viwe kwenye mstari mmoja. Tofauti ya pili ni kubwa zaidi. Punda akiogopa, mara nyingi husimama akagoma. Farasi akiogopa, kwanza anaondoka, kutafakari baadaye. Mtu aliyezoea kupiga kelele na kupiga visigino ili punda aendelee akifanya hivyo kwa farasi aliyeshtuka, anamwambia akimbie.

Na sababu za kushtuka hapa hazikosekani. Macho ya farasi yako pembeni, anaona karibu pande zote isipokuwa mbele kabisa ya paji lake na nyuma ya mkia. Kitu kikitokea ghafla kutoka huko, anaruka kabla hajajua ni nini. Mbuzi akitokea kwenye kichaka cha miiba, kipande cha turubai kikipeperushwa, bodaboda isiyo na kizuizi cha sauti ikipita, inatosha. Upepo wa kiangazi huzidisha mambo, kwani kila kitu kinacheza na harufu zinachanganyika. Anayejifunza apande asubuhi mapema kabla upepo haujashika kasi. Mwalimu anayekupandisha saa nane mchana katikati ya vumbi la Septemba ana haraka ya kitu kingine.

Mianguko ya mwanzo inafanana sana. Wa kawaida kabisa hutokea kwenye mwendo wa matiti, ule wa kudundadunda, farasi anapokata kona. Mwanafunzi anatazama chini, anainamia ndani ya kona, anabana kwa magoti, na kubana huko kunamsukuma juu atoke kwenye tandiko. Akihisi anapaa, anabana kwa visigino pia, farasi anaelewa aongeze mwendo, basi. Mwingine ni farasi anaporuka pembeni: yeye anakwenda kulia, wewe unabaki hewani ulipokuwa. Mwingine ni farasi kusimama ghafla au kushusha kichwa kula majani, nawe umeshika hatamu kwa nguvu zote, unavutwa mbele kupitia shingoni. Hatamu si mpini wa kujishikia. Ukizitumia kusawazisha mwili, lijamu, kile chuma cha mdomoni, linamuumiza na farasi anainua kichwa au kurudi nyuma. Fungia ukanda wa ngozi shingoni mwa farasi, karibu na mabega, na hapo ndipo pa kushika unapoyumba. Ukanda huo ni rahisi mno kwa kazi unayoifanya, na ni ajabu jinsi unavyodharauliwa.

Masomo ya kwanza yafanyike farasi akiwa kwenye kamba ndefu ya mwalimu, ya mita nane hivi, akizunguka kwenye duara. Mchanga wa mto uliotandazwa kiasi cha sentimita kumi unapunguza sana kishindo. Ukiwa mwingi kupita hapo, unachosha kano za miguu ya farasi na yeye mwenyewe anaanza kujikwaa. Makorongo yaliyokauka yana mchanga mzuri, ila kagua kwanza mawe na mizizi, na usiyaingie wingu likiwa jeusi upande wa juu hata kama ulipo ni kukavu.

Kuanguka kwenyewe kunafunzwa. Laza pipa la lita 200 chini, lizuie kwa mawe lisibingirike, weka godoro upande wa kushoto. Kaa juu yake kama umekaa kwenye tandiko, kisha jiachie: kidevu kifuani, mikono imekunjwa kwenye kifua, toa pumzi, tua kwa nyuma ya bega, bingirika. Rudia hadi mwili uache kunyoosha mkono kuelekea chini. Mkono ulionyooka ndio unaovunjika kifundo, au unapeleka kishindo hadi mfupa wa mtulinga. Pipa hilo hilo linafaa kwa kushuka kwa dharura. Toa miguu yote miwili kwenye vikuku, inama mbele, mikono kwenye mabega ya farasi, zungusha mguu wa kulia nyuma juu ya kiuno chake, tua upande wa kushoto magoti yakiwa yamekunjwa, uso ukitazama anakoelekea farasi. Baada ya pipa, fanya kwa farasi aliyesimama, halafu anayetembea, halafu kwenye matiti ya polepole.

Kitu kinachosahaulika wakati wenyewe ukifika ni kuachia hatamu. Mtu anaona aibu farasi kukimbia, anang'ang'ania. Anayeng'ang'ania huteguka bega, au anamvuta farasi wa kilo 400 hadi 500 amgeukie juu yake. Achia. Bingirika mbali na miguu, tulia. Farasi kwa kawaida hukwepa kumkanyaga mtu, lakini anayerukaruka hachagui pa kuweka kwato.

Kama farasi ametoka shoti na bado uko juu, usiruke. Keti chini kwenye tandiko, mkono mmoja kwenye ukanda wa shingo, mwingine umwongoze kwenye duara pana unalolipunguza kidogo kidogo. Kumkata kona kali katika kasi hiyo ni kumwangusha mwenyewe.

Umeshafika chini. Usiinuke. Mtu mwingine amshike farasi. Wewe chezesha vidole vya miguu na vya mikono, sikiliza shingo na mgongo. Kukiwa na maumivu ya shingo, ganzi au vidole kutotii, aliyeanguka hainuliwi na kofia haivuliwi maadamu anapumua vizuri. Awekewe kivuli hapo hapo, gari liitwe. Kumpakia majeruhi wa namna hii katikati ya watu wawili kwenye bodaboda ni hatari kuliko mwanguko. Mjini Dodoma kuna Hospitali ya Benjamin Mkapa na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Anayejifunzia nje ya mji awe na namba ya mwenye gari kabla ya kutandika.

Kichwa kikigonga, siku hiyo hakuna kupanda tena, hata kama unajisikia vizuri. Ule usemi kwamba lazima urudi juu mara moja ili woga usikae unafaa kwa aliyeangukia makalio tu, na hata huyo arudi kwa dakika chache za kutembea kwenye kamba, kisha ashuke. Muulize aliyegonga kichwa maswali ya kawaida: tulikuwa tunafanya nini kabla, leo siku gani. Asiachwe peke yake kwa saa 24 za mwanzo. Kutapika mara kwa mara, kichwa kuuma kwa kuzidi, kuuliza jambo lile lile tena na tena, usingizi mzito usio wa kawaida, degedege, maji maji puani au sikioni, hayo ni ya hospitali mara moja. Maumivu ya tumbo, au mkojo wenye damu baada ya kwato au tandiko kugonga ubavu, pia.

Dawa ya maumivu iwe parasetamoli. Asprini na diklofenaki, ambazo hukimbiliwa na kila mtu, zinaweza kuzidisha kuvuja damu, ziache mpaka ijulikane ndani kuko salama. Na zile siku mbili za mwanzo usikande uvimbe kwa maji ya moto wala kumwita mtu wa kuuchua. Tumia maji baridi au barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20 kwa wakati. Jeraha lililoingia udongo wa zizini lioshwe kwa maji mengi na sabuni, kisha uulizie chanjo ya pepopunda: kwa kidonda kichafu, kama imepita miaka mitano tangu ya mwisho, unahitaji nyingine.

Kofia iliyogonga chini kwa nguvu imeshafanya kazi yake. Povu la ndani hubonyea bila kuonekana kwa nje, na halirudi. Ikatwe kamba ili asije mwingine akaivaa. Halafu mkague farasi: miguu, mdomo, mgongo kama tandiko liligeukia tumboni, na mkanda ule wa tumbo ulikuwa umekaa tundu la ngapi.